Walimwandika Mkwe

Hasira yangu kawaida haikai, inakuja inaenda. Lakini hii imekaa, wacha niwaambie.

Mjukuu wangu alizaa msichana, akasema huyu atachukua jina ya mama ya mama yangu, yule alizikwa huku Kitale kwa shamba ya mzungu. Nikafurahi mpaka nikacheza na sufuria kwa mkono. Halafu akaniuliza, "Kukhu, na aliitwa nani?"

Jina sikuijua. Sisi watoto tulimwita kukhu tu, yaani nyanya, na mama yangu alikufa nikiwa hata kuosha nguo sijui.

Tukaenda kanisa penye huyo kukhu alibatizwa akiwa mgonjwa. Mzee wa ofisi akatoa kitabu imeliwa na mende, mjukuu akasoma na kidole. Jina ya baba yangu iko, maana ndiye alijibu maswali. Na ya kukhu?

"Imeandikwa Mkwe," mjukuu akasema. "Mkwe tu."

Damu ikanipanda. Kwetu mwanaume hawezi taja jina ya mama mkwe wake. Wakikutana njiani, mmoja anaingia kwa mahindi. Sasa karani wa kanisa anauliza huyu mama anaitwa nani, na baba yangu, na heshima yake yote, anajibu ati ni mkwe. Na karani, mtu amesoma, anaandika. Mama mwenyewe amelala hapo chumba ya ndani, mdomo anao. Si wangemuuliza? Alizaa watoto saba, akalima shamba ya wenyewe mpaka mgongo ikakunjika, halafu anaingia mbinguni akiitwa Mkwe.

Nikamgombeza huyo mzee wa ofisi mpaka akaniletea chai. Hakuwa na makosa, lakini ndiye alikuwa karibu.

Amebaki mama mdogo wangu, dada ya mama, anaishi Bungoma nyuma ya soko. Masikio imeisha, kwa hivyo nilimwelezea mpaka majirani wote wakajua. Akacheka akashika mbavu. "Baba yako alikuwa mwoga, bana," akasema. Halafu akataja jina, polepole, na mimi nikalia. Nikimaliza kulia nikakasirika tena. Miaka hii yote nakuja hapo nakula kuku yake, na siku moja sikuuliza. Hiyo siwezi wekea karani.

Kesho yake tukaenda na mjukuu ofisi ya vyeti vya kuzaliwa. Jina lenyewe siandiki hapa, ni ya mtoto, lakini iko na L katikati. Msichana wa kuandika, mtu wetu kabisa, akaweka R. Mimi shule niliacha darasa la pili, lakini L naijua.

"Mama, hiyo futa," nikamwambia.

Akasema si ni ile ile tu, kukhu. Nikakaa kwa kiti yake ya wageni, nikashika mkoba kwa magoti. Foleni ikanung'unika nyuma yangu, mwingine akasema wazee wanasumbua, nikamwambia ngoja uzeeke. Mpaka msichana akachukua fomu ingine, akaandika na L, mjukuu akasoma. Nikamwambia asome tena, kwa sauti.