Masikio ya Baba Krismasi

Bi Fortunata wa Rasbura hakuwa mpigapicha wa kumbembeleza mtu. Miaka ishirini ya picha za pasipoti ilimfunza amri moja, naye aliitoa kwa kugombeza: masikio yaonekane!

Chekechea ilipofunga shule kwa sherehe, aliitwa awapige watoto picha na Baba Krismasi. Akamtambua papo hapo licha ya ndevu za pamba. Alikuwa Mwalimu Alfonsi, yule aliyempa binti wa Fortunata mimba, na mtoto alipozaliwa akamkana mbele ya wazee wa pande zote mbili, eti hafanani naye hata kidogo. Fortunata akakunja uso, akafanya kazi. Watoto kumi na wanane walipita, wengine wakilia, na kofia nyekundu ya Mwalimu imemshuka hadi kwenye nyusi, ikimfunika masikio.

Wa kumi na tisa alikuwa mjukuu wa Fortunata, Valeria, yule yule aliyekanwa. Mbele ya wazazi wote, Mwalimu hakuwa na la kufanya ila kumpakata.

"Masikio yaonekane!" Fortunata alifoka.

"Mama, hii si pasipoti," Mwalimu alinong'ona.

"Unanifundisha kazi?"

Akampandisha kofia hadi utosini. Masikio manne yakachomoza kama vishikio vya sufuria, yote yamejikunja ncha. Foleni nzima ya wazazi ikanyoosha shingo. Fortunata akapiga picha.

Kesho yake picha hiyo, kubwa kama mlango wa kabati, ilitundikwa nje ya studio, kwenye njia anayopita Mwalimu Alfonsi kila Jumapili akienda kanisani.