Nilimfuta Mjukuu Vidole Hadi Vikasahau Kazi

Nakiri, wenzangu. Kwa miezi mingi nilikana, nikanuna, hata nikagombana na watu: mjukuu wangu alikuwa hajui kutumia mikono, na aliyemzuia kujifunza ni mimi. Mimi! Msomi wa chuo kikuu, mwandishi wa makala za kuwafundisha wenzangu malezi!

Ngoja nikusimulie, ila usicheke mapema.

Nina duka la vitambaa Kariakoo: lesi na satini za maharusi, nyingi nyeupe pee. Binti yangu Neema alipopata kazi Mwanza, aliniachia mwanawe, Baraka, akiwa bado anatambaa. Nikamlea dukani, katikati ya majora. Mtoto na satini nyeupe! Unadhani neno gani alilisikia zaidi? "Usishike!" Kutwa nilimfuta vidole. Chakula nilimlisha mwenyewe, khanga imemkinga kifuani.

"Mama, mtoto msafi huyu!" wateja walisifu. Kichwa kikanivimba.

Alipokaribia miaka miwili alikuwa anakimbia, na maneno anayo. Lakini kijiko hashiki. Kitu haonyeshi kwa kidole. Tone la uji likimgusa kiganja, analia kama kaungua.

Jirani yangu Mama Hetal, Mhindi muuza nafaka ambaye Kiswahili chake cha mtaani kinashinda changu, hakunificha. "Dada, mtoto ana mikono ya waziri, anasubiri kuhudumiwa tu. Mpeleke akaonwe!"

Nikamnunia wiki nzima.

Neema naye alikuwa akipiga simu ya video. "Mama, anakula mwenyewe?"

"Huyu? Anakula kama askari!" Uongo mtupu! Na kamera nilielekeza usoni tu, mikono isionekane.

Siku yangu ilifika kliniki, nilipompeleka kupimwa uzito. Muuguzi alimpa Baraka kijiko. Akakitazama kama mali ya jirani. Tukaelekezwa kwa mtaalamu wa tiba kwa vitendo, wale wanaomsaidia mtu kuziweza shughuli za kila siku: kula, kuvaa, kucheza. Nilitegemea mashine. Nikamkuta dada mmoja amekaa sakafuni na beseni.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba."

"Nyumbani anachezea nini?"

"Huyu hachezei uchafu," nikajibu kwa fahari.

Alimpima kwa michezo, kisha akatabasamu. "Mama, mikono haijapata mazoezi. Muache achafuke. Taratibu, usimlazimishe. Anza na vitu vikavu."

Yaani mjukuu wangu ameandikiwa uchafu!

Jioni hiyo nilimwambia Neema ukweli wote. Akasema, "Mwisho wa mwezi nakuja kumchukua." Nililia, jamani. Duka bila Baraka ni ghala tu.

Kesho yake nikaenda kununua choroko, na kuomba radhi.

"Kumbe choroko zangu ni dawa?" Mama Hetal akapiga kofi kaunta. "Basi napandisha bei!"

Tukawa tunakaa chini nyuma ya kaunta, bibi na mjukuu, tunafukua vifuniko vya soda ndani ya choroko. Mwanzoni alichungulia tu. Halafu akaingiza mkono mmoja. Halafu miwili! Tukahamia kwenye unga, kisha unga uliokandwa. Jora moja la satini lina alama ya kiganja hadi leo. Siliuzi ng'o!

Ndugu msomaji, mwanao akichelewa jambo, usimfichie aibu ambayo ni yako. Yule dada alinieleza kuwa kuchelewa kuna sababu nyingi, malezi ni mojawapo tu. Ndiyo maana mtoto anapelekwa akapimwe, hakisiwi. Nenda mapema. Na ukisifiwa kwa mtoto msafi, shtuka!

Jana Neema alipiga tena. Baraka alikuwa mapajani, unga hadi kwenye nyusi.

"Mama, tiketi nimekata. Jumamosi nipo hapo, na safari hii usinidanganye kwamba..."

Baraka akanyoosha mkono. Vidole vinne akavikunja, kimoja akakiacha. Kikaenda taratibu, kikatua kwenye alama nyekundu. Simu ikakatika.

Nilipiga yowe, Mama Hetal akaja mbio na kipimo cha mchele mkononi!

Simu ikaita tena.

"Mama! Unanikatia simu?"

"Si mimi. Mwanao. Kwa kidole chake kimoja, Neema!"

Nikasikia anacheka na kulia kwa pamoja.

"Mwambie anikatie tena."

Akamkatia. Akapiga, akakatiwa. Mara ya mwisho aliwahi kusema haya tu kabla ya kidole kufika: "Tiketi naihamishia Desemba, mama, kwa sasa abaki na we..."