Cheka, Mama

Juzi daktari wa meno aliniambia, "Mama, fungua kinywa, polepole," nikashikwa na hasira ambayo yeye hakuwa na kosa nayo.

Nilikumbuka alasiri moja ya utoto wangu, enzi za ukoloni, katika hospitali ya Kindu iliyonuka eteri na sabuni, treni ikipiga filimbi nyuma ya ukuta. Meno ya mama yangu yalikuwa yameoza, na kwa aibu hakucheka hata nyumbani bila kufunika kinywa kwa ncha ya kitambaa. Siku hiyo shavu lilikuwa limevimba, na maumivu yakaishinda aibu.

Munganga, yaani daktari, Mzungu mwenye ndevu, alishika koleo akamwambia, "Cheka."

Mama alikikaza kitambaa kinywani.

"Cheka, mama. Cheka mingi."

Mama akashusha kitambaa, akacheka kicheko kikavu, machozi yakimtiririka. Nikanuna. Kicheko tulichonyimwa sisi wanawe, mgeni yule alipewa waziwazi.

Njiani nikamuuliza, "Mama, umechekea ule Muzungu juu ya nini?"

Alitema damu kwanza. "Sikucheka, mwanangu. Alitaka nifungue kinywa, lakini ile neno hajui."

Hajui! Alikuwa ameishi kwetu tangu kabla sijazaliwa, akishika vinywa vya watu kila siku, na hakuona haja ya kujifunza kuwaomba wavifungue. Lakini neno "beba" alilijua. "Lima" alilijua. Na "nyamaza" alilitamka vizuri kuliko sisi.