Mashine Mbili za Sataranji

Siku ile kibandani kwangu Mikumi tulikuwepo watu watano: mimi niliyepika wali, wadogo zangu Elias na Neema, Mama Shukuru wa chapati, na Mzee Hamduni, dereva wa lori la Zambia. Nawataja wote, mwanangu, kwa sababu kila mmoja alicheka siku hiyo, kwa zamu yake.

Wazazi wetu walikuwa wamefariki. Mimi mkubwa niliacha shule mapema ili hawa wawili wasome, lakini kufikia mwaka ule kibanda kilitosha kusomesha mmoja tu, mwingine ilibidi aache. Nikamchagua Neema, maana ukimuuliza kitu anajibu kabla hujamaliza. Elias ni mtu wa kufikiri mpaka uchoke kumsubiri. Mzee Hamduni alikuwa amepita kumchukua awe utingo wake.

Marehemu baba alikuwa mpishi kwenye hoteli ya watalii, na mgeni mmoja alimwachia mashine ya kucheza sataranji. Unabonyeza kete kwenye kibao, taa nyekundu inawaka kukuonyesha jibu lake. Elias alicheza nayo kila jioni. Basi Mzee Hamduni naye akatoa ya kwake, mpya kabisa, kutoka Dar, kwani miaka ile serikali ilikuwa imeruhusu bidhaa za nje na maduka yamejaa vitu ambavyo hatukuwahi kuviona. Tukazishindanisha, Elias akihamisha kete za pande zote mbili.

Wali haujaiva, ya baba ikafungwa.

"Hiyo ni babu, jamani, ikapumzike!" Mama Shukuru akasema.

"Imemfuata Elias kwa uzito wa kichwa," Neema akadakia.

Elias akacheka, lakini mkono wake ulibaki juu ya mashine.

Mzee Hamduni akainama. "Umeiweka ngazi ya ngapi ya kufikiri, kijana?"

"Ya kwanza, mzee. Ikifikiri sana inamaliza betri."

Mzee alicheka mpaka akashika tumbo. Nyumbani betri tulizianika juu ya bati zipate nguvu kidogo, kwa hiyo mashine inayojibu haraka ndiyo tuliyoona inafaa.

"Kumbe hii haijawahi kuruhusiwa kufikiri!" Akaleta betri mpya kutoka garini, akazipa zote mbili muda uleule wa kufikiri.

Mwanangu, ungeona! Wateja walioingia baadaye walikula, wakalipa, wakarudi kusimama watazame. Ya baba ilikaa kimya, kisha taa ikawaka, na Mama Shukuru akaiacha chapati iungue: "Imemla farasi! Babu kamla farasi!" Tukaruka kama washangiliaji wa mpira. Mwishowe ile mpya ilishinda, siwezi kukudanganya, ila ilihangaika.

"Mpya ni kali zaidi," Mzee Hamduni akasema. "Lakini mara ya kwanza mlipima uhaba wa betri, mashine hamkuipima."

Nikamtazama Elias. Kila alfajiri yeye ndiye aliyekuwa akiteka maji, akipasua kuni, akiosha sufuria, ndipo aende shule. Neema nilikuwa namwacha alale.

"Nisamehe, mzee," nikasema. "Utingo hutampata."

"Nilikuwa nasubiri useme hivyo, binti."

Elias nikampeleka Kilosa kwa shangazi, karibu na stesheni, akasome bila ndoo mkononi. Neema akaanza kuteka maji, akinuna, nami nikaongeza chai ya madereva asubuhi ili ada itoshe. Leo Elias anafundisha hesabu, na bado ukimuuliza kitu utasubiri.

Kwa hiyo, mwanangu, ukitaka kulinganisha vitu viwili, au watoto wawili, kwanza vipe nafasi sawa. Baada ya hapo sema aliyezidi ni nani, wala usione haya. Mungu akujalie uvumilivu kwa anayefikiri taratibu, na akuletee watu watakaokuvumilia wewe.

Mzee Hamduni alituachia zile betri. Malipo aliyotaka ni mchezo mmoja siku atakayopita tena: Elias mwenyewe acheze na ile mashine mpya, yeye akitazama huku anakula wali wangu. Hakupita tena njia ile. Elias yuko tayari siku nyingi, na mchezo huo tunadaiwa hadi leo.