Mduruma wa bara aliyeongea Kidigo cha Msambweni

Wakuu, salaam aleikum. Na wasioitumia salamu hiyo, habari za mchana.

Mimi ni mzee wa Msambweni, nakaribia tisini. Nimesoma humu mkibishana kuhusu wanaolala kwenye baraza za maduka kule Mombasa, kama wanataka kusaidiwa au hawataki. Nikaona nami nitie langu.

Nitaeleza niliyoyaona kwa macho. Nisichokikumbuka nitasema sikikumbuki.

Ilikuwa miaka ya hamsini, Mwingereza bado yuko. Nilikuwa mpishi katika nyumba moja Majengo, Mombasa, ya chama cha watu wa kujitolea. Walipokea wasio na pa kulala, wakawapa chakula na mkeka, kisha wakawatafutia kazi au wakawarudisha makwao.

Msimamizi alikuwa mjane, Bi. Rukia. Mpole, lakini akishaamua, limekwisha.

Kati ya waliolala pale alikuwako Ndurya. Mduruma, kwao upande wa Mackinnon Road, kukavu, watu wa ng'ombe na mbuzi. Kila akiulizwa kama anataka kurudi kwao alisema hataki. Akiulizwa sababu, aliinuka akaenda zake.

Siku moja nilikuwa napika pweza. Ndurya akachungulia jikoni, akaniambia kwa Kidigo, tena Kidigo cha kwetu hasa, kuwa yule pweza hakupigwa vya kutosha kulainika.

Wakuu, nilishangaa. Mtu wa bara, pweza kamjulia wapi? Na lafudhi ile kaipata wapi?

Nikamuuliza, "Kaka Ndurya, Msambweni ulikaa kwa nani?"

Akanitazama, kisha akapandisha mkono wa koti. Vidole vilikuwa vimepinda, viwili havina ncha.

"Nilikaa kambini," akasema.

Kwa wasiojua: kwetu kulikuwa na kambi ya wagonjwa wa ukoma. Miaka ile vidonge vilikuwa vimefika, na watu walikuwa wanapona kweli.

"Nimepona," akasema. "Nikaruhusiwa. Nilipofika stesheni hapa Mombasa nikamkuta mtu wa kwetu. Akasema mimi nimekwisha kukaliwa matanga. Halafu akakimbia."

Nilimwomba ruhusa nimweleze Bi. Rukia, akakubali. Bi. Rukia akamwita.

"Basi twende tukawaulize wenyewe," akasema.

"Wakinifukuza je, mama?"

"Utarudi nasi. Mkeka wako hapewi mtu."

Ilimchukua siku kadhaa kukubali. Tukapanda treni sisi watatu. Nami, niseme kweli, nilikuwa na hamu kubwa ya kuona yatakayotokea.

Tulipofika, ndugu yake, Nyamawi, alitoka na fimbo ya kuchungia, akasimama mbali.

"Ndugu yangu tulimzika," akasema.

Bi. Rukia akamuuliza kwa upole, "Mlizika nini?"

Nyamawi akainamisha kichwa. "Nguo zake."

Mke wa Ndurya alikuwa ameshaolewa kwingine. Hilo halikurekebishika, wala sitawadanganya kuwa lilirekebishika.

Ndipo bibi mmoja akatoka kwenye kibanda cha pembeni, peke yake. Nikamwamkia shikamoo, hakunisikia. Alikuwa anamtazama Ndurya.

"Umekonda," akamwambia.

Alikuwa mama yake.

"Hawa walilia," akaendelea. "Mimi sikulia. Maiti sikuiona, ningelia nini?"

Akaleta maji, akamwosha mikono, kidole kimoja kimoja, na pale palipokatika akapaosha vilevile. Akaweka sima na maziwa ya mgando katika sahani moja, akaanza kula naye.

Nyamawi alisimama pale muda mrefu. Kisha akaiweka fimbo chini, akanawa, akakaa. Ndurya aliisogeza tu ile sahani upande wa ndugu yake.

Ndurya alibaki. Baadaye tulisikia kuwa majirani wengine hawakumpa mkono mpaka mwisho, ila kibanda alijenga, na mbuzi alifuga.

Kwenye treni tukirudi nilimuuliza Bi. Rukia, "Ulijua kama mama yake yu hai?"

"Sikujua, mwanangu."

"Sasa tungefanyaje?"

Akafungua kipochi akanionyesha. Tikiti ya Ndurya ya kurudi alikuwa ameshaikata.

Nilichojifunza, wakuu: mtu akisema hataki kwenda kwao, msiseme ni mkaidi. Muulizeni amesikia nini kuhusu kwao. Na mkimpeleka, mwekeeni njia ya kurudi.

Nami nina langu la kuuliza. Wa Msambweni mliomo humu, wazee wenu waliwahi kuwasimulia habari za waliotoka kambini? Walikwenda wapi wale ambao hawakuwa na mama wa kuwangoja? Niandikieni, nasoma polepole lakini nasoma yote.