Siku Nilipouza Jenereta la Mjomba

Mjomba wangu, kaka yake mama, ndiye aliyenipa lile jenereta. Alikuwa fundi wa injini bandarini miaka mingi, na alipostaafu aliomba achukue jenereta moja lililokuwa limetupwa stoo kwa kuwa hakuna aliyeweza kuliwasha. Yeye aliliweza. Nilipoanza kazi yangu ya kuchemsha pweza na kukoleza mishkaki ya kuwauzia wapishi wa Forodhani, aliniletea nyumbani kwangu Mji Mkongwe, akaliweka uani chini ya ngazi, juu ya vipande vya tairi ili lisitikise nyumba.

"Umeme ukizimika, usikae ukalia na friza lako," aliniambia.

Kila Jumamosi ya pili alikuja kutoka Mpendae kuliangalia. Nikisikia hodi yake mlangoni naitika, "Naam, mjomba, karibu. Shikamoo." Anaitikia marahaba huku anapita moja kwa moja kwenda uani, kama daktari aliyekuja kwa mgonjwa wake na si kwa wenye nyumba. Anapima oili, anafungua plagi na kuisugua kwa mswaki wa zamani, anavuta kamba, anasikiliza. Akisharidhika ndipo anaponawa mikono na kuniuliza habari za watoto. Kwa miaka tisa sikumwita fundi mwingine.

Mwaka juzi, kaskazi ilipopamba moto, jenereta likaanza kutoa moshi wa buluu. Jirani yangu wa juu alinilalamikia kuwa nguo zake zinanuka kwenye kamba. Mjomba akaja, akatandika gazeti, akalifungua.

"Silinda ni nzima," akasema. "Ringi za pistoni ndizo zilizokwisha, ndiyo maana linakula oili. Nikizipata ringi, litafanya kazi mpaka ulichoke mwenyewe."

"Zitapatikana, mjomba? Jenereta la zamani hili."

"Nnazitafuta. Nipe muda kidogo."

Wakati anarudisha vifuniko, skrubu moja ilimponyoka. Aliipapasa sakafuni muda mrefu, na skrubu yenyewe ilikuwa hapo hapo karibu na mguu wake. Niliiokota nikamtia kiganjani. Nimeikumbuka skrubu ile mara nyingi tangu siku hiyo.

Muda kidogo ukawa wiki tatu, kisha tano. Umeme ulizimika mara mbili. Mara ya pili ulizimika alfajiri ukarudi baada ya laasiri, na pweza wote wa siku mbili wakaharibika. Wapishi walionitegemea wakaenda kununua kwa mwengine. Mume wangu, ambaye si mtu wa maneno mengi, alisimama uani akalitazama jenereta lililofunikwa gunia.

"Mjomba wako ni fundi, hakuna anayebisha," akasema. "Lakini wewe unafanya biashara, hujafungua makumbusho."

Nikenda Darajani, kwenye duka la majenereta. Muuzaji alibonyeza kitufe kimoja, jenereta jipya likawaka kwa sauti ndogo, halina moshi wala halina kamba ya kuvuta. Nilitoka nje ya duka, nikaitoa simu nimpigie mjomba, nikairudisha mkobani, nikaingia tena kulipa. Nilijiambia kwamba atafurahi kupumzika na safari za kila Jumamosi ya pili. Haikuwa kweli. Nilijua ataniambia nisubiri, na nilijua kwamba akiniambia hivyo nitasubiri.

Uani kwangu ni padogo, majenereta mawili hayakai. Siku ile ile, Jumatano, wanunuzi wa chuma chakavu walikuja na gari lao la kukokota wakalichukua lile la zamani. Nilisikia magurudumu yakigonga mawe ya kichochoro mpaka yakapotea, na nitakuwa mwongo nikisema nilihuzunika. Nilishukuru nimepata nafasi.

Kesho yake simu ikalia.

"Mwanangu, nshazipata!" Mjomba alikuwa akicheka. "Ringi nshazipata, saizi yake hasa. Jumamosi nnakuja."

Hapo ndipo palikuwa na nafasi yangu ya kumwambia. Nilikuwa nimesimama jikoni, mikono inanuka vitunguu thomu, na maneno yote ninayoyahitaji ninayo. Nikasema, "Alhamdulillahi, mjomba. Karibu."

Akaja Jumamosi kabla sijamaliza kufagia. Ringi alikuwa amezifunga ndani ya leso, leso ameitia mfukoni mwa kanzu. Alipita moja kwa moja chini ya ngazi, akainama, akaweka kiganja juu ya jenereta. Mkono wake ukasimama pale pale kwenye plastiki.

"Hili silo," akasema.

"Nimenunua jipya, mjomba. Lile nimeliuza."

"Lini?"

"Jumatano."

Nilimwona akizihesabu siku kwa vidole, akaifikia Alkhamisi, siku aliyonipigia, akapita. Aliomba kile kijitabu cha maelezo, akakileta karibu sana na uso wake, akageuza kurasa mbili, akanirudishia.

"Kheri. Jipya ni jipya," akasema. Nikamwambia chai iko tayari. "Nshakunywa." Katika miaka yote hiyo hakuwahi kuja kwangu akiwa ameshakunywa chai.

Hakuja Jumamosi yake iliyofuata, wala ile nyengine. Nikimpigia simu anajibu kwa heshima, maneno mawili matatu, kisha anampa simu mkewe, mkaza mjomba. Nilikwenda mpaka kwa wale wanunuzi wa chuma kulikomboa lile la zamani. Nikalikuta limebaki fremu tu, injini imeshavunjwa.

Basi nikafanya kosa la pili. Nilimpigia nikamwambia jenereta jipya linakohoa, mafundi wa dukani hawajui lina nini. Jioni ile ile akaja na mfuko wake wa spana. Mkaza mjomba alikuwa amemshika mkono tangu mlangoni, jambo ambalo sikupata kuliona kabla. Aliliwasha jenereta, akainamisha sikio, akasikiliza kwa utulivu. Akalizima.

"Halina kitu," akasema.

"Labda mpaka lipate moto, mjomba..."

"Halina kitu, mwanangu. Usinitafutie kazi."

Alizirudisha spana mfukoni moja moja. Wakati anatawadha kwa ajili ya magharibi, mkaza mjomba alinivuta ukumbini akaniambia niliyokuwa siyajui. Macho ya mjomba yalikuwa yanapoteza nuru tangu mwaka uliopita. Daktari alimtaka akatibiwe mapema, yeye akawa anaahirisha. Kwanza alimalize jenereta la mtoto wa dada yake. Zile ringi hakuagiza kwa mtu. Walivuka bahari wao wawili mpaka Dar es Salaam, wakazunguka duka hadi duka siku mbili, mkaza mjomba akimsomea maandishi ya kwenye maboksi.

"Alirudi na furaha ya mtoto," akaniambia. Hakusema kwa kunilaumu, na hilo ndilo lililoniuma zaidi.

Alitibiwa, lakini walikuwa wamechelewa. Jicho moja lilibaki linaona kivuli tu. Binti yao anayefanya kazi Tunguu akawachukua wakakae naye, na huko ndiko nilikokwenda, baada ya kujizungusha miezi, kumwomba radhi. Nilimkuta barazani. Nilieleza kila kitu: pweza walioharibika, maneno ya mume wangu, simu niliyoirudisha mkobani. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Jenereta lilikuwa lako," akasema. "Kuuza si kosa. Hata mimi ningekuwa na wateja ningeuza. Lakini nilikupigia, mwanangu. Ungeniambia pale pale kwenye simu, ningekasirika siku mbili yakaisha."

"Niliogopa, mjomba."

"Uliniogopa mimi?" Aliuliza kwa mshangao wa kweli.

Alinisamehe, alitamka mwenyewe, na mjomba hasemi jambo asilolikusudia. Siku hizi mimi ndiye ninayekwenda kwake. Tunazungumza habari za watoto, za jamaa waliooa na waliosafiri, za mvua. Habari za injini hazigusi, nami siziulizi. Mara nyingine tunakaa kimya kirefu, na najua kwamba zamani kimya kama kile asingekiacha kipite bila kunifundisha kitu cha injini.