Maharage ya Juni na Jina la Priscila

Wifi yangu Priscila ana miaka sitini na saba, na nisikilizeni vizuri: hapa Mbuba hakuna anayeijua mvua kumshinda. Kila Jumapili akitoka misani huandika kwenye daftari imenyesha lini, tupande nini. Chama chetu cha wakulima kilipofungua tovuti, kikaomba maandishi yake. Tulipiga vigelegele siku hiyo!

Juni hii nikamfungulia kwenye simu yangu ajione. Lo! Juu ya kila ukurasa: "Mwandishi: Msimamizi."

"Miaka saba naandika," akasema, "leo mimi ni Msimamizi?" Machozi yakamlenga. Mimi nilikuwa nimeshapandwa na hasira.

Papo hapo simu ikalia. Ni mkwe wake, aliyemwoa bintiye, Kazimili wa Nyarubungo. "Shangazi, huyo Msimamizi wenu mpumbavu kweli! Kasema tupande maharage wiki hii. Nimepanda debe zima, mvua hata tone!"

Kuangalia, makala ya maharage ina tarehe ya Juni. Priscila aliiandika Septemba! Sikumwambia Kazimili kwamba mwandishi ni mama mkwe wake.

Kesho yake tukapanda bodaboda hadi Rulenge, kwa Fabiani anayetunza tovuti, madaftari tumeyafunga kwenye kitenge.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Jina langu liko wapi?"

Fabiani akafungua daftari. "Mama, umeandika 'Dominika ya ishirini na tano, Mwaka C.' Kompyuta haijui Dominika, hizi Jumapili za kalenda ya kanisa, inataka tarehe. Nikaacha wazi, ikajaza yenyewe siku niliyoweka makala tovutini. Na jina hukuandika popote, ikaweka Msimamizi, yaani mimi."

"Nani Mbuba asiyeujua mwandiko wangu?"

"Na wewe," nikamrukia Fabiani, "si ulikuwa mtumikiaji altareni? Kalenda ya parokia ilikushinda?"

Akacheka kwa aibu, akaenda kuazima kalenda za zamani. Basi tukaanza! Priscila anataja Dominika, mimi natafuta tarehe, Fabiani anaandika. Kila jina lake lilipotokea kwenye kioo nilipiga makofi. Tulisahau hata kula.

Tulipofika kwenye maharage, nikamsimulia Fabiani habari za Kazimili, akasita. "Hii tuiache bila jina? Mkweo atajua ni wewe."

Kwetu mama mkwe haonekani ovyo mbele ya mkwe, sembuse kumpotezea mbegu. Nikamwonea huruma.

"Weka," Priscila akasema. "Ni yangu. Septemba kumi na nane, elfu mbili ishirini na mbili. Na chini yake andika kwamba tarehe ilikosewa, na aliyeikosea ni nani."

Fabiani akaandika jina lake mwenyewe.

Jioni Kazimili akapiga tena, sauti imenywea, nikampa Priscila simu. "Shikamoo mama. Nimeona. Nilikutukana bila kujua, nisamehe."

"Marahaba mwanangu. Nisamehe na mimi, mbegu zako zimepotea."

"Sasa nipande lini?"

Priscila akanitazama, uso umemchanua, nami moyo unanidunda kwa furaha.

"Ukiona jina langu," akasema, "na tarehe ya wiki hiyo hiyo, chukua jembe."